Mwalimu wa Nyuma ya Kabati: Maisha ya Bi Thuwaiba Khatib Mcha

Bismillahi Rahmani Rahim. Masheikh wetu, wazee, walimu, majirani wa Mtoni, wageni mliotoka maofisini, na nyinyi kinamama mlioko ndani mnaonisikia kwa dirishani, assalamu alaykum. Mimi ni Mcha Khatib, seremala wa Mwanakwerekwe, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kukusomeeni historia ya dada yangu leo Ijumaa, tarehe 5 Septemba 2025, kabla hatujagawana juzuu za hitma. Nimepewa karatasi iliyopigwa chapa vizuri, ukurasa mmoja, ina tarehe zote, nami nitazisoma zote, lakini karatasi hiyo imeandikwa na watu wenye adabu zao, na adabu yangu mimi tokea Jumanne imepungua, kwa hiyo pale nitakapotoka nje ya karatasi mnistahamilie, na atakayeona nimezidi anivute kanzu baada ya dua, si sasa.

Marehemu Thuwaiba binti Khatib Mcha alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 Jongowe, kisiwani Tumbatu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Mzee Khatib Mcha, mchoma chokaa, na Bi Mwanapili, wote wawili wametangulia mbele ya haki, na katika hao wanne leo nimebaki mimi tu. Mwaka 1974 baba alihamia hapa Mtoni kufuata kazi ya ujenzi, akatuleta sote, na nyumba hii mnayoiona, mliyokaa kwenye baraza yake, ndiyo aliyoijenga kwa chokaa aliyoichoma mwenyewe.

Alianza skuli ya msingi Januari 1975, akamaliza kidato cha nne Novemba 1985, na karatasi inasema alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Hiyo ni kweli, lakini karatasi haikusema kwamba mwanafunzi wake wa kwanza nilikuwa mimi, alinipindulia ndoo uani akanikalisha juu yake, akachora ubao ukutani kwa mkaa, na kila nikikosea hesabu nilikula njiti ya fagio, kisha mama akija kuuliza nani aliyechafua ukuta, ananitazama mimi. Nilikuwa na umri wa miaka mitano, yeye minane, na mpaka leo nikipima mbao najumlisha kwa namna aliyonifundisha juu ya ile ndoo.

Mwaka 1986 alijiunga na chuo cha ualimu pale Beit-el-Ras, akahitimu mwaka 1988, na baadaye, akiwa mtu mzima mwenye mume na mtoto, alikwenda kusoma shahada yake chuo kikuu pale Tunguu kuanzia mwaka 2012 hadi 2015, anatoka kazini saa saba, anarudi nyumbani magharibi imeshaingia, na hatukuwahi kumsikia akilalamika isipokuwa kwa viti vya kule, alivyosema vimetengenezwa na mtu asiyekuwa na mgongo.

Tarehe 1 Agosti 1988 aliajiriwa kuwa mwalimu, akapangiwa skuli moja ya mkoa wa Kaskazini ambayo sitaitaja, na hapa nawaomba mnisikilize, maana mambo yote yaliyokuja baadaye, mazuri na haya yaliyotukalisha hapa, yalianzia siku ile. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, mwalimu mkuu alimpa kipande cha chaki, akamfungulia mlango wa darasa lenye watoto tisini na nne, akamwambia "haya mwalimu, ndio hao," akenda zake. Siku ya tatu dada yangu alijifungia stoo ya majembe akalia mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia, akaazimia kurudi kwetu akauze vitumbua. Aliyemtoa stoo ni mwalimu mkongwe mmoja, Bi Sichana, Mungu amrehemu, ambaye hakumpa nasaha hata moja, alimfuta uso kwa ukaya wake wa kichwani, na kuanzia kesho yake kila akimaliza vipindi vyake huja kukaa nyuma ya darasa la Thuwaiba, kimya, muhula mzima, hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa, na jioni njiani ndipo humwambia pale umefanya hivi, pale umefanya vile. Dada yangu alisema mara nyingi kwamba chuo kilimpa cheti, lakini ualimu aliupata kwa Bi Sichana, na akasema pia kwamba nchi haiwezi kungojea kila mwalimu mchanga abahatike kukutana na Bi Sichana wake, lazima jambo hilo lipangwe na lilipiwe na umma.

Tarehe 21 Disemba 1991 alifunga ndoa na Bwana Munir Abdulrazak, fundi cherahani wa Mkunazini, huyu hapa kulia kwangu aliyeinamisha kichwa, mtu mpole mpaka wakati mwengine nilikuwa nikimuonea huruma, maana dada yangu alikuwa na kauli moja. Mwenyezi Mungu aliwajaalia mtoto mmoja, Yusra, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1994, na Yusra naye alisomea ualimu akafundisha, nitaeleza alipofika.

Sasa nakuja kwenye kazi yake kubwa. Kuanzia mwaka 2009 alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika skuli ya huku kwetu, na kila ofisi aliyoingia, kila mkutano uliofunguliwa kwa maji ya chupa, alisimama akasema maneno yale yale, mpaka wengine wakawa wanatazamana akiinua mkono. Alisema, daktari akitoka chuoni huwekwa hospitali mwaka mzima chini ya daktari mwenziwe, serikali inamlipa, na hakuna mtu hata mmoja anayeuliza kwa nini wodi ina madaktari wawili, basi kwa nini mwalimu apewe watoto tisini siku ya kwanza peke yake, au mtoto akiharibiwa kichwa haonekani damu? Alisema hivyo kwa miaka minane. Mwaka 2017 alipatikana mtu aliyemsikia, mpango ukaandikwa, ukaingizwa kwenye bajeti ya serikali, ukaitwa Mwaka wa Darasani, na Januari 2018 wakaja wanagenzi sita wa mwanzo, vijana waliomaliza chuo, kila mmoja akapewa posho ya kumtosha nauli na chakula, wakae siku mia moja na tisini za masomo na mwalimu mlezi, wakipokezana vipindi, mmoja ubaoni na wenziwe nje wakitayarisha vyao, na mwisho wa mwaka mlezi atie saini fomu kwamba siku zote hizo amezishuhudia kwa macho na masikio yake, ndipo mwanagenzi aajiriwe. Siku ile dada alipika pilau akaleta sahani mpaka karakana kwangu Mwanakwerekwe, akaagiza kabati.

Hilo kabati lazima nilieleze. Aliona kwamba mwanagenzi akisimama ubaoni, macho yake hayaendi kwa watoto, yanakwenda kwa mlezi aliyekaa nyuma, anatafuta kama uso umekunjwa au umekunjuka, na watoto nao wanageuka nyuma kumuangalia mwalimu wanayemjua. Akaniambia, "Mcha, nifanyie kabati la vitabu refu kuliko mimi, niliweke pembeni nyuma ya darasa, mie nikae na kiti changu nyuma yake, nisikie kila kitu nisionekane na mtu." Nilimcheka, nikamuuliza kama anaolewa tena, maana kujificha kule ni kwa biharusi, lakini nililitengeneza, kwa mbao ya mninga, nikampa. Na akaweka sharti tatu, ambazo kila aliyepita kwake anazijua kama Alhamdu: mlezi hatoi sauti wakati mwanagenzi anafundisha, mwanagenzi hamwendei mlezi mpaka kipindi kiishe, na mtoto hageuki nyuma. Jioni ndipo wanakaa, anamsomea alichokiandika, kidogo kidogo, bila ya ukali.

Na ilifaa, ndugu zangu. Katika miaka saba walimaliza wanagenzi thelathini na wanane mikononi mwake, na thelathini na wanne bado wako madarasani mpaka leo. Mmoja kati ya wanne waliotoka ni Yusra wetu, wa kundi la mwanzo, aliyemaliza mwaka wake vizuri, akafundisha kwa mkataba, akangojea ajira kwa miaka miwili, na sasa yuko mapokezi hoteli moja ya kaskazini, anawakaribisha wageni kwa lugha nne. Dada hakumlaumu mwanawe hata siku moja, lakini akipita mtu akasema Yusra kapata kazi nzuri, alikuwa akiinuka akenda jikoni, na sisi tuliomjua tulijua angependa mwanawe awe darasani.

Tarehe 18 Februari 2025, siku ya Jumanne, alifika skuli afisa aliyetumwa kutathmini mpango, na wenziwe wawili. Walimkuta mwanagenzi msichana anayeitwa Borafya anafundisha mafungu ya vitu, watoto wamechangamka, na afisa akauliza kwa sauti mwalimu wa darasa yuko wapi, Borafya kwa heshima hakujibu maana kipindi hakijaisha, basi yule bwana akatembea mpaka nyuma, akachungulia, akamuona mwanamke wa miaka hamsini na saba amekaa kwenye kiti na daftari mapajani. Akamuuliza anafanya nini huko. Dada yangu, Mungu amsamehe na amlipe, aliweka kidole mdomoni. Alimnyamazisha afisa wa serikali mbele ya wenziwe na mbele ya watoto sitini na wanane, kwa sababu sharti ni sharti, na alidhani mtu aliyekuja kuutazama mpango angeliusoma kwanza. Kengele ilipolia alitoka, akamtaka radhi, akataka kumuelezea, akamkaribisha chai, lakini gari ilikuwa imeshawashwa.

Ripoti nimeisoma mwenyewe, niliitafuta mpaka nikaipata. Imeandikwa kwamba skuli hiyo ina madarasa yenye walimu wawili wawili wakati skuli nyengine hazina hata mmoja, na kwamba mwalimu mwenye uzoefu wa miaka thelathini na sita alikutwa amejificha nyuma ya kabati saa za kazi. Hayo ndiyo maneno, amejificha nyuma ya kabati. Dada aliandika barua nne za kueleza, alikwenda ofisini mara sita, akakaa kwenye mabenchi, akaambiwa aje kesho, akaenda kesho, na siku ya mwisho kijana mmoja wa mapokezi akamwambia kwa upole, "Bi mkubwa, nenda ukapumzike tu, hili limeshapita." Mwisho wa Juni ikaja barua, kwamba katika bajeti mpya Mwaka wa Darasani umesitishwa kwa muda, posho za wanagenzi zimeondolewa kuanzia Julai, lakini wanagenzi watano waliokuwa kazini wanaruhusiwa kumaliza kwa gharama zao, na fomu zao zitapokelewa zikiwa na saini ya mlezi yule yule, siku zile zile mia moja na tisini, bila ya kubadilisha.

Kwa hiyo wanagenzi watano walikuwa wameningʼinia kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mgonjwa, na hakumwambia yeyote. Wawili walikuwa wanatoka Makunduchi, mmoja Nungwi, mmoja Tumbatu kwetu, na Borafya anatoka Jambiani, hawana nauli, hawana pa kulala mjini, na dada akawachukua wote akawaleta hapa. Alimhamisha Bwana Munir na cherahani yake ukumbini, wasichana akawapa chumba chao yeye na mumewe, wavulana akawapa chumba cha Yusra, akawa anawapikia muhogo wa nazi asubuhi na jioni, na Yusra akawa analeta mchele kila akipata likizo. Nilikuja nikamgombeza. Nilimwambia hapa kaiweka serikali nzima nyumbani kwake na serikali yenyewe haina habari, na yeye akanijibu kwamba hakuuliza rai yangu, aliuliza kama nina kitanda cha futi tatu na nusu. Nikamletea vitanda viwili.

Juu ya maradhi yake, karatasi inasema marehemu alisumbuliwa kwa muda na shindikizo la damu na figo. Ukweli ni kwamba mwezi wa Aprili daktari alimwambia figo zimechoka, anatakiwa akasafishwe damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, asubuhi mpaka mchana. Dada akahesabu. Siku asiyokuwepo nyuma ya kabati si siku, haiingii kwenye fomu, na akikosa siku tatu kila wiki watoto wale wa watu hawatamaliza mwaka, na mpango wenyewe, kwa ripoti ile, huenda usiwepo mwakani kuwapokea tena. Akamuomba daktari ampe Jumamosi. Daktari akamwambia Jumamosi peke yake haitoshi, akamwambia kwa Kiswahili na kwa lugha zote anazozijua, na dada akamshukuru, akenda Jumamosi. Miezi minne alikwenda mara moja kwa wiki, akatuambia anakwenda kwenye darsa ya kinamama Mwanakwerekwe, na mimi, mwenye karakana Mwanakwerekwe hiyo hiyo, sikujiuliza kwa nini hapiti hata kunisalimia.

Jumatano tarehe 20 Agosti 2025, saa tatu za asubuhi, kipindi cha hesabu, Borafya alikuwa ubaoni. Nyuma ya kabati kulisikika kitu, si kishindo, kama mtu aliyeweka kikapu chini. Mtoto mmoja wa safu ya mwisho, msichana anayeitwa Wanu, aligeuka. Borafya akamwambia atazame mbele. Yule mtoto akageuka tena, akataka kusema, na Borafya kwa ule upole aliofundishwa akamwambia, "Wanu, tazama mbele, mwanangu," na Wanu akatazama mbele, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu na ameambiwa hivyo tokea Januari. Kipindi kiliendelea kwa dakika ishirini na tano zaidi. Kengele ilipolia Borafya akenda nyuma na daftari lake mkononi, amefurahi, maana kilikuwa kipindi chake kizuri kabisa, na akamkuta dada yangu amelala sakafuni ubavu wake wa kushoto, mdomo umekwenda upande, macho yako wazi.

Nitasema mbele yenu nyote, na kinamama mlioko ndani mnisikie. Siku ile hospitali nilimtukana Borafya, nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mtoto wa mwenziwe, na sasa nayarudisha yote. Borafya hakukosa. Wanu hakukosa. Walifanya sawasawa walivyofundishwa, na aliyewafundisha ni yeye, na kabati lililowaziba macho nimelitengeneza mimi kwa mikono hii, nikalipigia msasa, nikajisifu nalo. Nilimuuliza daktari kama zile dakika ishirini na tano zingelibadilisha kitu, akanitazama, akaniambia, "Mzee, muombee dua," na mimi nimeshaelewa, sikuuliza tena.

Alilazwa hospitali ya mjini kwa siku kumi na tatu. Mkono wa kulia haukuwa na kazi tena, ulimi ulikuwa mzito, lakini akili ilikuwa nzima, na baada ya wiki aliweza kuongea kidogo na kushika kalamu kwa mkono wa kushoto. Jumamosi tarehe 30 Agosti tulikubaliana sisi familia, mimi, Bwana Munir na Yusra, tukachukua zile fomu tano tukampelekea kitandani. Zilikuwa zimejazwa tayari, siku mia moja na thelathini na tisa alizokuwa ameshaziandika, bado hamsini na moja. Tulimwambia azitie saini tu, siku zilizobaki wajaze wenyewe, nani atakayejua, ofisi iliyoukata mpango haitakuja kuhesabu, na watoto hao watano wataajiriwa waende zao kwa amani. Yusra alilia, alimshika miguu, akamwambia, "Mama, mara hii tu." Dada alizichukua zile karatasi, akazisoma moja moja, jina moja moja, ilimchukua karibu nusu saa, kisha akanirejeshea mimi na kusema kwa ulimi ule mzito, "Hamsini na moja sijaziona, Mcha. Nitasema vipi nimeziona?"

Nilikasirika. Mungu anisamehe, nilimkasirikia dada yangu anayekufa. Nilimwambia kwamba serikali imemuacha, ofisi imemuita mvivu aliyejificha, na yeye bado anawawekea uaminifu watu ambao hawakumuwekea yeye hata kiti cha kukaa, na watakaolipa si wao, ni hawa watano waliokula muhogo wake miezi miwili. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema kwamba akitia saini ya uongo, basi zile saini thelathini na nane za mwanzo nazo zitakuwa uongo, na yule bwana wa ripoti atakuwa amesema kweli. Fomu hizo ninazo hapa, mfukoni mwa kanzu, hazina saini, na sasa hazitapata.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, saa nne za asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri katika makaburi ya Mwanakwerekwe. Ameacha mume, mtoto mmoja, na ndugu mmoja. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wanagenzi wanne walikuja jana kuniaga. Wawili wamepata kazi hotelini, kwa msaada wa Yusra, mmoja anakwenda kuuza duka la mjomba wake, mmoja hakuniambia anakwenda wapi, alinibusu mkono akaondoka. Borafya amebaki, yumo ndani na kinamama, ameosha vyombo tokea siku ya kwanza na hajakaa na mtu. Nilimwita nikamwambia nitazunguka na fomu yake ofisi zote, nitakaa kwenye mabenchi yale yale, na yeye akaniambia, "Mjomba, usijisumbue, mie sitoweza tena kusimama mbele ya watoto, kila mtoto akitikisika naona Wanu." Nilizungumza pia na baadhi ya wageni wetu mliotoka maofisini, kabla ya kuanza, nikauliza kama yuko mtu anayeweza kumalizia zile siku hamsini na moja, mkaniambia jambo hilo lina taratibu zake. Nakushukuruni kwa kuja.

Kwa niaba ya familia natoa shukurani kwa madaktari na wauguzi, hasa yule daktari aliyemwambia ukweli tokea Aprili na akaendelea kumpokea kila Jumamosi bila ya kumfokea, kwa majirani wa Mtoni mliotupikia na kutuletea maji siku zote hizi, kwa walimu wenziwe mliombeba jeneza mpaka mabega yakachubuka, na kwa wale thelathini na wanne mliofunga madarasa yenu Jumanne mkaja kumzika, nami najua angekugombezeni kwa kuyafunga.

Limebaki moja, halimo kwenye karatasi, na hili nalisema naye. Dada, tokea ulimi ulipokurejea, kila siku nilipoingia wodini, kabla ya salamu, uliniuliza kitu kimoja, nani yuko darasani, na kila siku nilikujibu Borafya yuko, anafundisha vizuri, watoto wanamsikiliza. Asubuhi ya Jumanne uliniuliza tena, nikakujibu hivyo hivyo, ukasema alhamdulillahi, ukafumba macho. Nilikudanganya, Thuwaiba. Darasa lako limefungwa kwa kufuli tokea siku uliyoanguka, watoto wamegawiwa madarasa mengine wanakaa chini sakafuni, nusu yao hawaji tena, na hakuna mwalimu anayekuja. Mola akupe kauli thabiti na akunusuru usiyasikie haya huko uliko. Lala kwa amani, dada.